Asiye na Jumuiya Ni wa Nani?



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa ametutengea kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Katika siku hizi bahasha za nia za Misa hujaa majina: baba, mama, bibi, mjomba, mtoto aliyetutoka akiwa bado mchanga. Ni desturi njema, tena ni wajibu wa upendo. Lakini mwezi huu unatuletea pia swali ambalo parokia iliyo katikati ya jiji haiwezi kulikwepa. Mtu anayefariki hapa mjini bila ndugu wa karibu, bila kadi ya zaka, bila jumuiya inayomfahamu, ni wa nani? Nani atamzika, na nani ataliandika jina lake kwenye bahasha? Tunalileta swali hili kwenu kwa sababu mwaka huu lilitufikia mlangoni, na kwa sababu kabla ya Majilio halmashauri yetu ya walei itapaswa kulitolea uamuzi.

Wanaoifahamu Mwanza wanajua jinsi mji wetu ulivyokaa. Kazi ipo chini, karibu na maji. Makazi yapo juu, katikati ya mawe. Alfajiri watu huteremka kutoka Bugarika, Mabatini, Isamilo na kwingineko, na jioni hupanda tena kurudi makwao. Katika mitaa inayoizunguka parokia yetu, nyumba ambazo zamani zililaza familia zimegeuka kuwa maduka, maghala, ofisi na nyumba za kulala wageni. Matokeo yake mnayaona wenyewe. Jumapili kanisa linajaa hadi watu wanasimama nje chini ya madirisha, ilhali jumuiya zetu za katikati ya mji zinazidi kupungua kaya mwaka hadi mwaka.

Basi ni akina nani wanaolijaza kanisa? Ni wasafiri waliolala mjini wakisubiri chombo cha kwenda Ukerewe. Ni wagonjwa waliokuja kutibiwa Bugando, pamoja na ndugu wanaowauguza. Ni walinzi wanaotoka zamu ya usiku, wasichana wa kazi za nyumbani, wanafunzi, mama lishe, wachuuzi, na wabeba mizigo wanaozunguka kati ya gati za Kamanga, Soko Kuu na Kirumba Mwaloni. Wengi wao wamebatizwa na kuimarishwa. Wanajua majibu yote ya Misa na nyimbo zote za Bikira Maria. Lakini ukifungua madaftari ya parokia yetu, majina yao hayamo.

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema wazi kwamba hatukusudii kuzibeza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliazimia kuzifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu, nasi tunaoishi leo tunakula matunda ya azimio hilo. Jumuiya ndiyo inayojua nani amelazwa, nani amefiwa, ndoa ipi inayumba, mtoto yupi ameacha mafundisho ya komunyo. Paroko mwenye waamini kwa maelfu angejuaje hayo yote peke yake? Tena, kwetu Usukumani mbegu hiyo ilianguka katika udongo uliokwisha kulimwa. Wazee wetu walikuwa na nzengo, yaani ujirani wenye wajibu, ambamo msiba wa mmoja ulikuwa msiba wa wote, na aliyetoroka misiba ya wenzake alijua kwamba wake atalia peke yake. Jumuiya iliupokea ujirani huo ikaupa Neno la Mungu na Ekaristi.

Ni kutokana na ujirani huo ndipo ulipopatikana utaratibu tulio nao. Mwamini akifariki, mwenyekiti wa jumuiya huleta taarifa parokiani, huthibitisha kwamba marehemu alikuwa mwanajumuiya mwaminifu na kwamba zaka yake imelipwa, kisha padri au katekista hupangiwa mazishi. Utaratibu huu unafaa sana pale ambapo watu wanalala na kuamka mahali pamoja kwa miaka mingi. Unategemea jambo moja tu: kwamba kila mtu ana nyumba, na kila nyumba ina jirani anayesali.

Mwezi wa Agosti mwaka huu alifariki mbeba mizigo mmoja, mtu wa makamo, aliyefanya kazi hapa mjini kwa miaka mingi. Alikuwa akilala katika chumba cha kupanga pamoja na wenzake wanne, na walihama mara kwa mara kodi ilipopanda. Wenzake walichanga fedha, wakanunua sanda na jeneza, wakaja ofisini kwetu wawili wawili, wakisimama mlangoni kama watu wanaotarajia kufukuzwa. Walituambia kwamba marehemu alikuwa Mkatoliki, kwamba hakukosa Misa ya kwanza ya Jumapili, na kwamba rosari yake ilikuwa mfukoni alipofariki. Dada yake, mama mzee anayeishi mbali, alipatikana kwa simu. Alilia, akasema hana uwezo wa kumsafirisha, akaomba kaka yake azikwe hapa hapa, ila azikwe na padri. Tulimtafuta pia katekista wa kigango alikobatizwa, naye akathibitisha.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza. Mwenyekiti wa jumuiya iliyo karibu na chumba kile, mzee tunayemheshimu kwa dhati, hakuwahi kumwona marehemu katika sala hata mara moja. Maneno yake tunayakumbuka vema. "Baba Paroko," alisema, "kuna wajane katika jumuiya yangu wanaouza nyanya, na zaka wanaleta. Wanaamka gizani kuja kusali kabla ya kwenda sokoni. Huyu hakuja, hakutoa, na sasa tunamfanyia yale yale tutakayowafanyia wao. Kesho nitawaambia nini?"

Ndugu msomaji, usimhukumu mzee huyo upesi. Hakusema kwa ukatili. Alikuwa akiutetea uaminifu wa watu wadogo, na ni kweli kwamba kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini. Sheria ya Kanisa inaufundisha wajibu huo katika kanuni ya 222. Jumuiya isiyodai lolote kwa mtu hatimaye haimpi mtu lolote. Swali lake lilistahili jibu, nasi tuliona haja ya kulitafuta jibu hilo katika mafundisho ya Kanisa, kuliko kulitoa katika huruma ya siku moja.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unazungumza juu ya watu wa namna hii kwa uwazi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya 107 inaeleza kwamba mtu asiye na makao maalumu naye anaye paroko wake, na paroko huyo ni yule wa mahali anapokuwapo. Kwa hiyo mbeba mizigo anayehamahama vyumba vya mjini hakuwa mgeni tuliyemfadhili. Alikuwa mwanaparokia wetu, ajue au asijue, tujue au tusijue. Kanuni ya 1176 inaagiza kwamba waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa: walioikana imani hadharani, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waamini, na hata hao, wakionyesha toba kabla ya kufa, mlango uko wazi. Katika orodha hiyo hakuna mahali palipotajwa mtu asiye na kadi. Nayo kanuni ya 1181, inapozungumzia sadaka za mazishi, inaonya pasiwepo upendeleo, na maskini wasikose mazishi yanayowastahili.

Maandiko Matakatifu yanatupeleka mbali zaidi. Mzee Tobiti, akiwa uhamishoni Ninawi, aliwazika wafu wa taifa lake waliotupwa nje ya ukuta, na kazi hiyo ilimgharimu mali yake na karibu imgharimu uhai. Hakuna panaposimuliwa kwamba aliuliza kwanza marehemu alikuwa wa ukoo gani au alikuwa akitoa nini. Na Bwana wetu mwenyewe, alipokufa nje ya mji, hakuwa na kaburi lake. Yosefu wa Arimathaya alimtolea la kwake. Kila Ijumaa Kuu tunaabudu mbele ya fumbo la Mungu aliyezikwa katika kaburi la kuazima. Je, tunaweza kutoka hapo tukamwambia maskini kwamba udongo wetu una masharti?

Tulimzika. Wabeba mizigo wenzake walikuja wengi, na baadhi yao walikuwa Waislamu. Walipokezana jeneza mabegani kwa ustadi wa watu ambao kubeba ndiyo kazi yao. Akina mama wa WAWATA waliimba. Mzee mwenyekiti naye alikuja, akatupa udongo wake kaburini kama sisi wengine, na baada ya mazishi alituambia kwamba swali lake bado liko pale pale. Alisema kweli. Mazishi yalikuwa yamejibu nusu ya swali tu.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo mapya yaletwayo na ukubwa wa mji. Historia ya Kanisa katika ufuko huu inatuambia vingine. Wamisionari wa Afrika, wana wa Kardinali Lavigerie, waliufikia ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, pale Kageye, mwishoni mwa mwaka 1878, wakielekea Buganda. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka Buganda, wakavuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Hawakuja peke yao. Walikuja na watoto waliokuwa wamekombolewa utumwani, watoto walionyang'anywa wazazi, ukoo na kijiji, ambao hapakuwa na nzengo yoyote ya kuwadai wala kuwadhamini. Hao walikuwa miongoni mwa waamini wa kwanza wa upande wetu huu wa ziwa. Kanisa letu, kabla halijawa na jumuiya za nyumba kwa nyumba, lilikuwa familia ya wasio na nyumba. Sisi tulio na namba za ubatizo na viti vyetu tulivyovizoea ni warithi wa watoto wale.

Na mji huu umewahi kuonyesha kwamba unaweza kumzika mtu usiyemjua. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeikaribia bandari ya Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wengi ambao miili yao haikuweza kutambuliwa walizikwa Igoma, Wakristo na Waislamu, na kila ifikapo tarehe hiyo watu huenda pale kuwaombea. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Wale ambao hawakutambuliwa walizikwa Bwisya, kisiwani humo humo, siku chache baadaye. Katika siku zile za majonzi kila marehemu alikuwa ndugu wa kila aliye hai. Lakini yafaa tujiulize: je, udugu huo hufika tu panapotokea maafa makubwa, bendera zikiwa nusu mlingoti? Mtu mmoja anayefariki kwa homa katika chumba cha kupanga, bila gazeti kumtaja, amezama katika maji yale yale.

Sasa tuirudie nusu ya swali iliyobaki. Kumzika vizuri mtu ambaye hatukumfahamu akiwa hai ni tendo la huruma, lakini ni huruma iliyochelewa. Tulijifunza jina lake la ubatizo kwa njia ya simu, kutoka kwa dada yake, akiwa tayari amefunikwa. Mzee mwenyekiti alipouliza kwa nini hakuja jumuiya, sisi tuliwauliza wenzake. Majibu yao yalikuwa mepesi mno kuliko tulivyotazamia. Jumuiya husali Jumamosi alfajiri. Alfajiri ndipo magari ya mizigo yanapofika na vyombo vinapotia nanga. Asiyekuwapo saa hiyo, mzigo wake hubebwa na mwingine, na siku hiyo halali ameshiba. Jumuiya husali katika nyumba za wanajumuiya kwa zamu. Mtu anayelala watano chumba kimoja atawakaribisha wapi wenzake zamu yake ikifika? Aibu ya kushindwa kupokea wageni, wapendwa, huwafungia watu wengi nje kuliko uvivu.

Wavuvi nao wana habari yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru ya taa hupotea katika nuru ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika. Hapo ndipo wengi huja mjini kutoka makambini na visiwani, kununua mahitaji, kutuma fedha nyumbani, na, tusifiche, wengine kuzimaliza fedha hizo katika vilabu vya pombe. Kalenda ya jumuiya inafuata juma. Kalenda ya mvuvi inafuata mwezi wa angani. Kalenda hizi mbili zimepishana miaka yote, na tumemhesabu mvuvi kuwa ndiye mtoro.

Je, Bwana wetu alifanya nini katika mji wa ziwa? Kafarnaumu nao ulikuwa mji wa wavuvi, watoza ushuru na wapita njia. Simoni na Andrea aliwakuta wakitupa nyavu, Yakobo na Yohane wakizitengeneza, Lawi akiwa ameketi penye ushuru. Aliwafuata kazini, katika saa zao za kazi, na wito wake ukaanzia pale miguu yao ilipokuwa imesimama. Parokia ya mjini inayongoja watu wawe na makao ndipo iwahudumie inaenda kinyume na mwendo wa Mwalimu wake. Na kanuni ya 529 inamkumbusha paroko kwamba ni wajibu wake kuwatafuta kwa bidii maskini, wenye taabu, wapweke na walio mbali na nchi yao. Kutafuta ni kazi ya miguu, haifanyiki ofisini.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayopendekeza mbele ya halmashauri, nasi tunaomba muyapime kwa sala na kwa maneno ya wazi.

Kwanza, tuanzishe jumuiya ya watu wa kazi, itakayosali Jumatano saa tisa alasiri, mizigo inapopungua, chini ya mti katika uwanja wa parokia. Hatakiwi mtu kuwa na nyumba ya kukaribishia. Mwenyeji ni parokia. Jambo hili si geni. Vyuoni, wanafunzi wamekwisha kusali katika jumuiya zisizofuata nyumba zao za asili, na imani yao haikupungua. Pili, wakati wa mbalamwezi jumuiya hiyo ikutane mara mbili kwa juma, ili mvuvi aliye mjini akute mlango uko wazi. Tatu, liwepo daftari ambamo kila mmoja ataandika jina lake, mahali alikobatizwa, na ndugu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo. Nne, wanajumuiya hao nao wachange, kila mmoja kwa kadiri ya alichobeba siku hiyo, kwa sababu maskini asiyeombwa kitu hufanywa mgeni daima. Wenzake marehemu, waliochanga jeneza kwa siku mbili, hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya kutoa.

Kuhusu mazishi, tungependa lieleweke jambo moja bila utata. Jumuiya iendelee kuthibitisha, kushauri na kuonya walio hai. Mtu akiwa hai, akikwepa sala na wajibu kwa makusudi ilhali nafasi anayo, aambiwe kweli, tena na jirani yake anayempenda. Lakini akishafariki katika imani, wakati wa kumfundisha kwa adhabu umekwisha. Adhabu hiyo haimfikii yeye tena. Inamwangukia dada mzee aliye upande wa pili wa simu.

Na kwa wajane wauza nyanya, ambao mzee wetu aliwatetea kwa haki, tuna neno la kusema. Mazishi ya Kanisa hayakuwa kamwe malipo ya zaka zenu. Mlipoamka gizani mkasali, mlipata tayari kile ambacho mbeba mizigo yule hakukipata kwa miaka yote aliyoishi mjini: watu wanaowaita kwa majina. Hakuna aliyewapunguzia hazina hiyo. Tunachowaomba ni kwamba Jumatano ya kwanza mje ninyi kuwaongoza wenzenu katika sala, kwa kuwa ninyi mnajua maana ya kusali na huku soko linawangoja.

Halmashauri itakutana Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Mwenye maoni tofauti aje ayaseme, na mzee mwenyekiti tumekwisha kumwomba awe wa kwanza kuzungumza. Wakati huohuo, unapojaza bahasha yako ya marehemu juma hili, acha mstari mmoja chini ya majina ya watu wa nyumbani kwako, na juu ya mstari huo mwombee mtu aliyefariki katika mji huu bila wa kumwandika.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Tuendelee kuombeana.

Paroko wenu.